Tangi Lililomwagwa Ukange

Usipoonja ndoo, utamwaga tangi.

Mmeisikia leo asubuhi kwenye simu, mkageuka kunitazama kana kwamba ni mimi niliyewatukana. Mwalimu mkuu wa ile shule mnayoitengenezea mfumo wa mahudhurio aliomba aone mlipofikia. Lusungu akamwomba miezi miwili zaidi, naye mwalimu akajibu kwa hiyo methali na kukata simu. Sekela akaniuliza, "Shangazi Fausta, ndoo gani tena? Sisi na ndoo wapi na wapi?"

Haya, fungeni hizo kompyuta kidogo. Mimi sitakaa, mnanijua sikai. Nitasimulia nikitembea, na mkichoka kunifuata kwa macho, masikio mnayo. Kwanza jueni kwamba methali hii hatukuachiwa na mababu. Haijafikisha hata miaka ishirini. Ilizaliwa kwenye mlango wa kituo cha maziwa, mwezi wa Desemba, kwenye matope, na aliyesababisha izaliwe ni mimi ninayewasimulia.

Ukange ni nchi ya baridi, huko juu kwenye viazi na mahindi, ambako mtu huamka akamjulia hali ng'ombe kabla hajamjulia hali mkwe. Wafugaji wa vijiji saba walikuwa na ushirika wao na kituo kimoja cha kupokelea maziwa. Meneja wa ushirika aliitwa Osmund Mgaya, mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni. Alikuja ofisini kwetu mjini Iringa akitaka mfumo wa kompyuta wa kuandika maziwa ya kila nyumba yanapofika kituoni, ili likitokea tatizo ijulikane mara moja limetoka kwa nani. Mpaka wakati huo kila kitu kiliandikwa kwenye daftari moja kubwa, lililovimba kwa kulowa maziwa, na aliyeweza kulisoma ni mtu mmoja tu duniani.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja. Mimi, kijana hodari aliyeitwa Alatanga, na wenzetu wawili. Nilikuwa nimeacha kazi ya serikali ili niifungue, na mama yangu alikuwa bado hajanisamehe. Hiyo ilikuwa kazi yetu kubwa ya kwanza, na sote wanne tulijua kwamba ikishindikana itakuwa ya mwisho, kila mtu arudi kwao akatafute cha kufanya.

Tulikwenda Ukange siku moja, mwezi wa Februari. Tulikaa ofisini kwa meneja tangu asubuhi, tukinywa chai ya maziwa na kuuliza maswali, naye akijibu yote. Alikuwa na jibu la kila kitu. Tukaandika kurasa sitini na nne, akaweka sahihi, tukapeana mikono. Tulipokuwa tunatoka tukapita kwenye mlango wa kupokelea maziwa. Hapo palikuwa na mama wa makamo, mfupi, mwenye buti za mpira, anaosha vikombe. Ndiye Betina Tweve, mpokeaji wa maziwa, mwenye lile daftari.

"Kamwene," akatusalimu. "Ndio mnaondoka? Mbona hamjasimama hapa mlangoni?"

"Meneja ametueleza yote, mama," nikamjibu.

Akaendelea kuosha. "Haya. Mkipata kidogo, leteni nione."

"Tukimaliza tu, tutakuletea."

"Sijasema mkimaliza, mwanangu. Nimesema mkipata kidogo."

Nikacheka, nikapanda gari. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko natamani nikimeze.

Tukajifungia. Mwezi Mei Alatanga akaniambia, "Dada, ukurasa wa kupokea maziwa upo tayari. Twende Ukange tumwonyeshe yule mama." Nikamwambia mgeni haonyeshwi chungu, huonyeshwa sahani. Naye akasema, "Yule si mgeni, dada. Yule ndiye mpishi." Nikamfokea. Nilimwambia kazi ya kuzungumza na wateja ni yangu, yeye ashughulike na kompyuta yake.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa aone kitu nusunusu aseme hatujui kazi. Niliogopa aombe kubadilisha, nasi tumeshaandika kurasa sitini na nne zenye sahihi. Lakini kuogopa hakukunituliza, kulinichemsha. Nilikuwa nakaa, nasimama, nakwenda dirishani, narudi. Chai ilipoa mezani mara tatu kwa siku. Kila nilipohisi wasiwasi, niliongeza kitu kwenye mfumo: leo michoro ya rangi, kesho orodha ya mbegu za ng'ombe, keshokutwa kadi ya mfugaji yenye picha na namba yake. Ile kadi niliipenda sana. Bila namba ya kadi mfumo haukupokea maziwa, na namba moja ilipokelewa mara moja tu kwa asubuhi, ili mtu asidanganye. Mwezi Agosti Betina akanipigia simu kuuliza kama kidogo kimepatikana. Nikamwambia sauti inakatika, simsikii. Nilimsikia vizuri kabisa.

Basi Desemba ikafika. Mvua zilikuwa zimeanza, njia zimekuwa utelezi, na foleni ilianzia mlangoni ikazunguka mpaka nyuma ya stoo. Meneja alivaa suti. Mwenyekiti wa ushirika alialikwa, na mbuzi wa sherehe alikuwa amefungwa nyuma ya ofisi anakula majani bila habari. Tukagawa kadi kwa kila aliyefika. Daftari la Betina lilikuwa limefungiwa kabatini tangu jana yake, na ufunguo ulikuwa mfukoni kwa meneja, pamoja na zile kalamu.

Ili mnielewe ni lazima niwaambie Betina alivyokuwa akipokea. Ndoo ikifika, anakoroga, anachota kikombe, ananusa. Kisha anatia spiriti kidogo, anatikisa, anainamisha kikombe atazame kwenye mwanga. Maziwa yakikatika, yaani yakifanya vipande, mwenyewe anarudishiwa ndoo yake akagandishe mtindi nyumbani. Yakiwa laini, Betina anapaza sauti, "Mimina!" na mfugaji anamimina kwenye tangi kwa mikono yake mwenyewe. Huko ndiko wanakoita kuonja, ndoo moja moja. Hata ya mwenyekiti. Wanasema hata ya mama yake mzazi alipokuwa hai, na iliwahi kurudishwa mara mbili.

Mfugaji wa kwanza, jirani wa kituo aliyejibebea ndoo yake moja, akapokelewa, jina lake likatokea kwenye skrini, watu wakapiga makofi. Wa pili naye vivyo hivyo. Mimi nikapiga makofi kuliko wote. Wa tatu alikuwa Mzee Ayubu Sanga, na toroli la mbao lenye ndoo tano. Ya kwanza ikaingia. Betina akaonja ya pili, akaandika, na skrini ikajibu kwa herufi nyekundu nilizozichagua mwenyewe: Mfugaji huyu ameshapokelewa leo.

"Lakini hii si yake," Betina akasema. "Hii ya jirani yake."

Nikauliza, "Jirani yuko wapi?"

Foleni nzima ikacheka. Mzee Ayubu akanitazama kwa huruma, akasema, "Jirani yuko kwake, binti. Leo ni zamu yangu."

Ndipo nilipojua. Ukange watu hubeba maziwa kwa zamu. Nyumba tano zinaungana, leo anabeba huyu ya wote, kesho yule. Ndiyo desturi yao tangu ushirika uanze, mtoto wa chekechea anaijua. Meneja hakuitaja kwa sababu katika vitabu vyake kila nyumba ilikuwa na mstari wake, na yeye hakuwahi kusimama mlangoni asubuhi na ndoo. Na sisi hatukumuuliza mtu mwingine. Katika wote waliokuwa na maziwa pale, aliyekuwa na kadi ni mmoja kati ya watano. Wanne walikuwa majumbani mwao, hawana kadi, hawana namba, na maziwa yao yako kwenye toroli la mwenzao.

Alatanga akafungua kompyuta nyingine pale pale arekebishe. Akaangalia, akaniita pembeni. "Dada, hili si bati la juu tubandue. Mtu mmoja, kadi moja, ndoo moja: ndivyo tulivyojenga kila kitu. Hili ni msingi."

"Rekebisha," nikamwambia.

"Kwa asubuhi moja?"

"Nimesema rekebisha!"

Betina akaomba daftari lake. Meneja akakataa, mwenyekiti akiwa anatazama. "Daftari limefungwa jana. Leo ni mfumo." Akamwita Betina ndani aje amsaidie Alatanga kutaja majina ya nyumba zote za zamu zote, moja baada ya nyingine, vijiji saba. Wakaingia, na mlangoni pakabaki mimi na foleni.

Saa nne jua likatoka. Mvua yote ile, na siku hiyo jua likatoka. Maziwa yaliyokamuliwa saa kumi na moja alfajiri yakaanza kupata joto kwenye ndoo. Watu wakafunika kwa majani ya mgomba, wakahama kivulini, wakarudi wasipoteze nafasi. Lori la kuchukua maziwa lilikuwa linafika saa sita, halingoji mtu. Mimi nilikuwa naingia ndani, natoka, naingia. Ndani nasikia majina: Sanga, Sanga, Mahenge, Sanga. Nje nasikia minong'ono. Mama mmoja akasema, si kwa kunikusudia, "Ya kwangu yakiharibika leo watoto watakula nini kesho?" Hilo neno lilinichoma. Sikuweza kusimama tena.

Nikaona tangi liko wazi. Tangi dogo, la lita mia sita.

Nikawaambia, "Leteni, nimimine. Majina tutaandika baadaye."

Mzee Ayubu akasita. "Mama Betina hajaonja hizi zilizobaki."

"Ataonja baadaye."

Nikaishika ndoo yake mwenyewe nikaimimina. Wengine walipoona hivyo wakasogea. Ndoo baada ya ndoo, kama thelathini, mpaka mabega yakaniuma. Nisiwafiche: kwa mara ya kwanza tangu Februari moyo wangu ulitulia. Foleni ilikuwa inasogea. Nilijiona nafanya kazi.

Betina akatoka. Akaona ndoo tupu zimepangwa ukutani. Hakuuliza nani amemimina.

"Nani ameonja?"

Akapanda kidato cha tangi, akachota kikombe, akatia spiriti, akatikisa. Akainamisha kwenye mwanga. Maziwa yakakatika. Akamwaga kile kikombe, akachota kingine kutoka upande wa pili. Yakakatika. Mara ya tatu hakutikisa hata sana, nasi sote tuliona vile vipande.

Nikamuuliza, na sauti yangu sikuitambua, "Mama, ni ndoo ya nani?"

"Hilo ndilo swali ninalolijibu hapa mlangoni kila siku kwa kikombe kimoja. Sasa halina jibu."

Akashuka, akafungua koki ya chini kwa mkono wake. Maziwa yakatoka, yakakata njia kwenye matope, yakaingia mtaroni. Yalichukua muda mrefu. Foleni nzima ilisimama ikitazama maziwa ya nyumba thelathini, na Mzee Ayubu akavua kofia. Hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa ningepata nafuu. Na angalieni kejeli ya Mungu: mfumo uliotengenezwa ili ijulikane maziwa mabaya yametoka kwa nani, siku yake ya kwanza ndiyo siku pekee ambayo Ukange haikujua, na haijajua mpaka leo.

Betina akasimama karibu yangu. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka.

"Kule mjini," akasema, "ndoo yako ya kwanza ulimpa nani aonje?"

"Sikumpa mtu."

"Ya pili?"

Nikatikisa kichwa.

"Miezi kumi unamimina tu, unamimina tu. Sikukwambia ulete kidogo?" Akaifunga koki, kwa kuwa tangi lilikuwa limekwisha. "Ndoo mbaya ukiionja inarudi kwao, imekwisha habari yake. Usipoonja ndoo, mwanangu, utamwaga tangi."

Hakupaza sauti, lakini foleni ilisikia. Jioni maneno hayo yalikuwa yamefika vijiji vyote saba pamoja na zile ndoo tupu, na haikupita miaka miwili nikayasikia mjini Iringa kwenye midomo ya watu wasiojua hata Ukange iko wapi.

Meneja akatoka ndani, ameshavua koti. "Dada Fausta, kusanyeni mashine zenu." Nikaanza kuzungusha nyaya. Nilikuwa nafikiria uso wa mama yangu, na nitawaambia nini wale wenzangu wawili waliobaki mjini wakingoja simu ya furaha. Aliyenufaika siku ile ni mbuzi peke yake.

Ndipo Betina akaita, "Meneja. Mimi nikirudisha ndoo mbaya, huwa namfukuza mfugaji?"

"Hapana."

"Huwa namwambiaje?"

Meneja akatazama zile ndoo tupu ukutani. "Kesho ulete nyingine."

"Basi," Betina akasema. "Huyu asilete kesho, yuko mbali. Alete Ijumaa. Kila Ijumaa alete kidogo, mimi nitaonja. Kikikatika atarudi nacho. Na mimi unirudishie daftari langu mpaka hapo."

Mwenyekiti akasema, "Mpaka Pasaka."

Tulirudi mjini, tukaifuta kazi ya miezi kumi. Hilo nalo lilikuwa tangi, nalo tulilimwaga. Alatanga hakunikumbusha habari ya mpishi, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Ijumaa ya kwanza nilipanda basi la alfajiri na kitu kimoja tu: ukurasa wa kompyuta wenye majina ya nyumba tano za zamu ya Mzee Ayubu na mahali pa kuandika lita. Hapakuwa na michoro wala rangi. Niliona haya, ni kama nimempelekea mtu mzima daftari la mtoto.

Betina akaijaribu palepale mlangoni, foleni ikiwa imesimama, mikono yake imelowa maziwa. "Imekatika," akasema. "Herufi ndogo. Mimi nasimama hatua mbili, nimeshika kikombe." Nikarudi nayo. Ijumaa ya pili nilikuza herufi, akasema vitufe vinaloa, vifunikeni nailoni. Nikarudi nayo. Ya tatu akacheka tu, akasema yule anayebeba leo jina lake litangulie, kwa nini amtafute katikati? Ya nne aliondoa mambo matatu niliyoyapenda. Katika zile kurasa sitini na nne zenye sahihi, alizozihitaji hazikufika tisa.

Wasiwasi haukuniisha, msidhani nilipona. Bado nilikuwa nakaa na kusimama. Ila sasa ulikuwa wasiwasi wa Jumamosi hadi Alhamisi, na wa siku sita mtu anaweza kuubeba. Ule wa miezi kumi ndio uliotaka kuniua.

Ijumaa ya saba nilisimama pembeni ya mlango kama kawaida, nimeshika mfuko wangu, tayari kurudishwa. Betina akaonja ndoo, akabonyeza mara mbili, akatazama skrini. Akabonyeza tena ya pili, ya tatu, zamu nzima ikaisha kabla mwenye toroli hajapangusa jasho. Kikombe bado kiko mkononi. Halafu, bila kugeuka, akapaza sauti: "Mimina!"

Mzee Ayubu, aliyekuwa wa mbele kwenye foleni, akanyanyua ndoo yake.

"Si wewe, mzee," Betina akasema. "Namwambia huyu hapa."

Nililia mbele za watu, na sioni aibu kuwaambia.

Sasa tazameni ukuta wenu. Mmebandika vikaratasi vya njano na vya kijani, kila asubuhi mnasimama kwenye duara mnaambiana jana nilifanya hiki na leo nitafanya kile. Vizuri sana, siwacheki. Lakini huyo mwalimu wa darasa la tatu atakayeita majina ya watoto sabini na nane kila siku ya Mungu, mmeshamwona? Hata jina lake mnalijua? Mnaonjeshana wenyewe kwa wenyewe, halafu mnashangaa mwalimu mkuu anawakatia simu.

Lusungu, naona unataka kusema.

"Shangazi, ukurasa wa ripoti haujakamilika. Wa matokeo ndio kabisa. Uliopo ni wa kuita majina peke yake."

Na huo wa kuita majina nani ameuonja?

Mnatazamana. Basi Sekela, chukua begi lako. Darasa la tatu wanatoka saa nane, mkiondoka sasa mtamkuta mwalimu bado ana chaki mkononi. Msimweleze chochote. Mpeni, mnyamaze, mtazame vidole vyake vinakwama wapi. Akiwarudisha, rudini. Ijumaa mwende tena.

Haujakamilika, unasema? Ndiyo maana nawatuma leo, mwanangu, wakati huo ukurasa ungali ndoo moja. Usipoonja ndoo, utamwaga tangi.